Nondo kwenye Madirisha ya Buyenzi

Siku mjukuu wangu alipoleta kile kitabu nyumbani, hapa Rosettenville, Johannesburg, nilikuwa nakata gauni la bibi harusi. Meza ya kukatia ndiyo hiyo hiyo ya kulia, hatukuwa na nyingine. Akakibwaga juu ya kitambaa changu cheupe.

"Ondoa."

"Bibi, angalia kwanza kidogo tu."

Sikuangalia. Nilikiondoa mwenyewe, na kilikuwa kizito kama mtoto aliyeshiba.

Ilikuwa miaka miwili baada ya Kombe la Dunia lililochezwa huku Afrika Kusini. Alikuwa anasoma chuo kikuu kule Braamfontein, mambo ya michoro ya kale. Mimi nilitaka asome uuguzi. Nilimlea peke yangu. Aliingia nchi hii mgongoni mwangu, wazazi wake tukiwa tumewazika Bujumbura, na nilidhani nimepata haki ya kusema neno kuhusu masomo yake. Kumbe sina.

Gauni lilipokunjwa nikavaa miwani, nikaangalia. Ni kitabu cha Wazungu wa zamani waliokwenda Misri kabla ya kamera, wakakaa juani kuchora mahekalu ya mafarao. Nguzo zimezama mchangani hadi shingoni. Na chini ya nguzo, mara nyingi, kakaa mtu mdogo mwenye kilemba.

"Huyu nani?"

"Si mtu maalumu, Bibi. Wamemweka ili ujue nguzo ni kubwa kiasi gani."

"Jina lake?"

"Halikuandikwa."

"Basi wamemfanya futi ya kupimia."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Nilicheka kwenye ukurasa mwingine. Lile sanamu lenye mwili wa simba, mchoraji mmoja kalichora kama mama wa Kizungu, mashavu ya duara na nywele za mawimbi, utasema anasubiri basi kwenda saluni. Mjukuu wangu akanieleza kwamba wako waliochora bila kufika. Walisimuliwa tu, na walichosimuliwa wakakijaza kwa walichokizoea.

"Waongo," nikasema.

"Si waongo, Bibi. Hawakujua kingine."

Kisha akanionyesha hekalu moja zuri, akasema halipo tena. Watu walilibomoa, mawe wakayachoma wapate chokaa. Umebaki mchoro huu.

Hapo nikavuta kiti.

Nyumba yetu ya Buyenzi, kule Bujumbura, nayo haipo. Mume wangu aliijenga kwa mikono yake, vita vikaila, na sanduku la picha lilikuwa chini ya kitanda. Sina picha ya nyumba wala ya mume. Dada yangu, ambaye tulikuwa tunakumbushana kwa simu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nimebaki mimi, na kichwa changu si sanduku la chuma.

"Nichoree nyumba yangu," nikamwambia. "Mimi nasema, wewe unachora."

Alifurahi. Furaha hiyo haikufika mbali. Mchoro wa kwanza alioniletea ulikuwa na ukuta mrefu mbele, juu yake miiba ya chuma, na nondo kwenye kila dirisha.

"Hii jela ya nani?"

"Eish, Bibi! Sasa nyumba bila nondo inafungwaje?"

"Kwa pazia."

Akaniangalia kama nimesema inafungwa kwa uji.

Akafuta, akarudia. Safari hii nondo zimetoka, lakini paa limekuwa la vigae vyekundu, na juu yake bomba la moshi. Bomba la moshi! Buyenzi, na joto lile la ziwani! Nikamwambia amenichorea nyumba ya yule Mreno jirani yetu, anayeuza mikate. Nikamwambia pia kwamba yule mama wa Kizungu mwenye mwili wa simba sasa amepata mwenzake. Nilisema kwa ukali. Penseli akaitua mezani.

"Bibi, mimi sijawahi kuiona. Niambie vizuri basi. Ukuta ulikuwa mita ngapi? Jikoni ni upande gani?"

Nikafumba macho nilitafute jiko langu, na nikaliona jiko la Turffontein, pale tulipopanga mwanzo tulipofika nchi hii, na sinki lake lililopasuka. Nikajaribu tena. Sinki lile lile. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa mtoto ikanigeukia.

Mita za kuta sizijui. Mimi ni fundi cherehani, najua mabega na viuno. Basi nikamwambia ninachokijua: babu yake alikuwa mrefu, na mlango ule alioujenga mwenyewe ulimfika kwenye nyusi. Kila akiingia anaugonga, na kila akiugonga anamlaani fundi.

"Fundi si yeye?"

"Ndiye! Na anamlaani hasa!"

Nikachukua utepe wangu. Kanzu zake zote nilishona mimi, urefu wake vidole vyangu vinaukumbuka. Nikaushusha utepe ukutani kutoka begani hadi kifundo cha mguu, nikaongeza shingo na kichwa. Mtoto akatia alama, kisha akachora mtu wa kanzu anayeinama kuingia mlangoni, ametupa mgongo. Kwa huyo akapata mlango, kwa mlango akapata ukuta, na paa la bati likakaa mahali pake. Jiko halikupatikana. Upande ule aliacha weupe, mimi ndiye niliyemwambia auache.

Alitaka amgeuze babu yake tuone uso. Nilikataa. Angempa pua ya mtu wa hapa. Na dirisha la kushoto lina mistari miwili ya kusimama ambayo yeye anasema ni kivuli. Mimi nondo nikiiona naijua.

Akaupeleka mchoro chuoni. Jioni nikamuuliza walisemaje.

"Waliupenda. Mwalimu aliuliza huyu mtu wa mlangoni ni nani."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia amewekwa kuonyesha ukubwa wa nyumba."

Nilizima cherehani. "Babu yako?"

"Bibi, ningesema nini? Jina lake silijui. Wewe unasema 'babu yako' tu siku zote."

Ni kweli: kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, na mtoto angelisikia wapi? Nikalitaja. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Nikamwambia aigeuze karatasi aliandike nyuma, jina la kwanza na la baba yake, kwa wino, si kwa penseli.