Miezi Minne Bila Hedhi

Majani ya chai yakikaushwa kiwandani Mponde, harufu yake husambaa na ukungu hadi milangoni mwa nyumba, tamu na nzito kidogo. Mwaka nilioingia kidato cha pili, harufu hiyo ilinikuta nikiwa na siri. Nilikuwa nimevunja ungo mwaka uliotangulia. Hedhi ikaja mara tatu, kisha ikakatika. Mwezi wa kwanza nilifurahi, maana kupanda mlima kwenda shule nikiwa katika siku zangu hakukuwa kazi ndogo. Mwezi wa pili nikaanza kujiuliza. Ulipofika wa nne, shangazi Zaina, dada yake baba tuliyeishi naye, alikuwa ameshagundua.

Hakuniuliza mimi. Alimwambia mama jikoni, nami nikiwa nje ya dirisha nikimenya viazi: "Wifi, vitambaa vya mtoto sivioni kambani siku nyingi. Mchunguze mapema." Wasichana wawili wa kijijini kwetu walikuwa wameacha shule kwa sababu ya mimba, kwa hiyo nilielewa vizuri kilichokuwa kinasemwa. Mama alitoka, akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, kuna mvulana?"

"Hapana, mama."

"Niangalie usoni useme."

Nikamwangalia. "Hapana. Hata mimi sijui mwili wangu una nini."

Mpaka leo najivunia kwamba sauti yangu haikutetemeka. Asubuhi yake mama hakwenda kuchuma chai. Tuliteremka pamoja hadi zahanati. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, amevaa sweta juu ya sare kwa ajili ya baridi. Alipoitikia shikamoo yangu, mama akaanza kunisemea. Muuguzi akamkatiza kwa upole: "Mwache mwenye mwili aseme." Nikasema yote. Akanipima mimba, haikuwepo. Akapima uzito na damu, akaniuliza kuhusu chakula, maumivu na mawazo ya shule, kisha akanieleza kana kwamba nilikuwa mtu mzima: "Miaka ya mwanzo mwili bado unajipanga. Wengi huruka mwezi au miwili. Ikipita mitatu, au damu ikitoka nyingi mno, uje tukuangalie. Umefanya vizuri kuja. Anza kuandika tarehe zako kwenye daftari."

Tukirudi, mama alisimama tulipokaribia nyumbani. "Nilikuuliza vibaya," akasema. "Ningeanza kwa kukuuliza kama unaumwa." Shangazi alikuwa barazani. Mama hakungoja kuulizwa: "Wifi, mtoto hana mimba. Siku nyingine muulize mwenyewe." Shangazi aliinamisha kichwa, akasema, "Nimekosea, binti yangu." Sikuwahi kumsikia akimwambia mtoto neno hilo. Wiki tatu baadaye hedhi ilirudi, katikati ya kipindi cha hisabati. Iliruka tena mara kadhaa, nami niliandika tu, bila hofu, mpaka ilipotulia nikiwa kidato cha nne.

Sasa mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari ya Bungu. Wanafunzi wangu wana taulo za kike na simu zenye majibu ya kila swali, ila wapo ambao bado husubiri hadi darasa lote litoke ndipo waniulize. Kwetu enzi zile mambo haya yalinong'onwa jikoni, na wanaume hawakuyasikia kabisa. Juzi binti yangu aliingia sebuleni, baba yake akipiga pasi shati, akasema waziwazi, "Mama, mwezi wa pili huu sijaona siku zangu." Baba yake hakutoka nje. Alizima pasi, akamvutia kiti, akamwambia, "Kaa, mwanangu. Tueleze."