Aliyesindikiza Mabinti wa Wenzake

Mimba yake ya pili ilipofikisha miezi saba, Silvana alianza kutafuta mtu wa kukaa naye leba. Mkunga hakuwa shida yake. Wakunga hospitalini wapo. Alitaka mwanamke wa kumshika mgongo, kumpa uji na kutoondoka. Lucia, muuguzi mkunga aliyempima kliniki, alikuwa amemweleza kwamba vitanda vya leba vimewekewa mapazia na kila mama anaruhusiwa kuingia na mwanamke mmoja amtakaye. Wenzake kwenye benchi walitaja mama mzazi au mama mkwe bila hata kufikiri. Yeye alisema atarudi na jibu.

Silvana ni mzaliwa wa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tano. Mumewe, Christopha, anaendesha lori la mahindi, na siku nyingi yuko njia ya Tunduma. Uchungu wa mimba ya kwanza ulimshika ghafla katika chumba walichopanga Mazwi, mjini Sumbawanga, Christopha akiwa safarini, wapangaji wenzake wakiwa mashambani. Alijifungua peke yake na mtoto hakulia. Watu walikuja kumpa pole ya mtoto. Kitu ambacho hakumwambia mtu hadi mwaka huu ni kwamba saa zile zote alikuwa anaongea na ndoo, kwa sababu mle chumbani hapakuwa na kingine cha kuongea nacho.

Sumbawanga ni mji wa pembezoni tangu enzi za boma. Zamani mtumishi aliyehamishiwa huku alijihesabu kuwa amesahauliwa. Lami imebadilisha mengi, na sasa hata huduma za afya na ustawi zimefika. Silvana aliingia katika duka moja la namna hiyo karibu na stendi. Kijana aliyevaa koti jeupe alimkalisha, akamtumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto lenye waya, na maji yalipogeuka rangi ya chai akamwambia sumu zinatoka. Alimweleza juu ya mashine ya kukanda mabega, majani ya kuchemsha, na kifurushi maalumu cha mama mjamzito. Silvana aliuliza kama katika hicho kifurushi kuna mtu wa kuingia naye leba.

“Chetu kinaishia mlangoni, dada,” kijana alisema.

Jirani yake Kalista, muuza nyanya, aliposikia habari hizo alicheka mpaka akaweka chini ungo.

“Yaani umekwenda kuoshwa miguu na mvulana, na Mama Edith yuko hapo nyuma ya kanisa?” Kisha akauokota ungo. “Ila huyo naye ameacha.”

Mama Edith ni Bertilla, mjane wa miaka hamsini na tisa, anayeuza unga wa ulezi. Kwa miaka mingi alisindikiza wanawake wa Mazwi na kata za jirani kwenda kujifungua. Alianza na mpangaji mwenzake aliyekuwa mgeni mjini, na yule akamtaja kwa mwingine. Hakuwahi kupokea mtoto wala kumpa mtu dawa, na wauguzi walimpenda kwa hilo. Alitembea na mama mjamzito uani, taratibu, akimshikilia kiunoni. Alimkanda mgongo kwa kanga iliyochovywa maji ya moto. Alimnywesha uji mwepesi wa ulezi kati ya uchungu na uchungu, akamtania kuhusu mumewe, akamfuta jasho. Mama akipiga kelele, hakumwambia anyamaze. Lucia anakumbuka kwamba siku Bertilla alipokuwepo, hata wagonjwa wa kitanda cha pili na cha tatu walitulia.

Silvana alimkuta barazani akipepeta ulezi. Julai ile upepo wa Ufipa ulikuwa unakata, na Bertilla alikuwa amejifunga shuka mbili. Walisalimiana, Silvana akaeleza shida yake. Bertilla alisikiliza hadi mwisho, akampa kigoda na uji, akasema ameacha.

Silvana alirudi wiki iliyofuata, kisha ikawa desturi. Alisaidia kuchagua mawe kwenye ulezi, wakaongea mambo ya bei na ya baridi. Bertilla alimwangalia anavyokaa na kumwambia abadilishe upande wa kulalia. Mara moja alimkanda kiuno bila kuombwa, akaacha katikati, akaenda kunawa mikono. Jioni hiyo Kalista aliona kwamba Silvana hajaambiwa, akamweleza kisa chenyewe. Bertilla mwenyewe alikikamilisha siku chache baadaye.

Katika ukoo wa mama yake Bertilla, huko Mpui, mama mzazi haingii mahali binti yake anapojifungua mtoto wa kwanza. Si Wafipa wote wanaoshika jambo hilo, na wengi mjini hawajapata hata kulisikia. Kwao lilikuwa halina mjadala. Husemwa kuwa uchungu wa mama huingia kwa binti na kumfunga, kwa hiyo mama hukaa nje, wala haitiki akiitwa, kwa sababu sauti nayo huhesabiwa kuwa imeingia. Anayeingia ni shangazi. Bertilla mwenyewe alizaa hivyo, mama yake akiwa nje kimya, na mambo yakaenda salama. Hakuona sababu ya kulipima upya.

Edith alikuwa mtoto wake pekee aliyekua. Aliolewa Mollo, kwa wakulima wa mahindi, na uchungu ulipoanza mumewe alimleta hospitali mjini mchana, kwa wakati unaofaa. Shangazi Mariana alikuwa anatoka Mpui. Gari alilopanda liliharibika njiani. Bertilla alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la leba, akimngoja wifi yake aje aingie.

Lucia alikuwa zamu. Alitoka mara ya kwanza akamwambia aingie, mwanawe yuko peke yake. Alitoka mara ya pili akiwa amekasirika.

“Bibi, si wewe kila siku uko humu? Na wa watu unaingia, na huyu je?”

“Huyu ni wangu,” Bertilla alisema.

Edith alikuwa anaita. Dirisha lilikuwa wazi na kila neno lilifika kwenye benchi. Aliita mama, akanyamaza, akaita tena. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na Bertilla, asiyewajua, alisema wote huita hivyo, hata walio na mama zao makaburini. Bertilla alikubali kwa kichwa. Alikuwa amewasikia wengi wakiita, na wote aliwajibu.

Mtoto alitoka amechoka, hakuishi. Edith alivuja damu. Walimwongezea damu, daktari akaja, akapelekwa chumba cha upasuaji, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki. Mariana alifika akiwa na vumbi la njia nzima, akakuta wanaume wanatafuta gari la kurudisha mwili Mollo. Mama na mtoto walizikwa pamoja.

Daktari aliwaeleza ndugu kwamba damu ile ingetoka vilevile, hata kama Edith angekuwa na ukoo mzima kando ya kitanda. Bertilla alielewa. Amekaa leba miaka mingi, na anajua vitu ambavyo mkono wa mtu hauviwezi. Ndiyo maana hakubaliani na wanaompa pole kwa kumwambia asijilaumu.

“Nisingemwokoa, najua,” alimwambia Silvana. “Ila asingekuwa peke yake.”

Mama yake Bertilla yu hai bado, yuko Mpui, na anaamini lililofanyika ndilo lililopaswa. Bertilla hajagombana naye. Humpelekea unga kama zamani. Kitu kimoja tu alikiacha, nacho ni kuingia leba. Wanawake watatu walikuja kumwomba mwaka ule na wote akawarudisha.

Silvana alisikia hayo yote akiwa amebakiza wiki chache. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia Bertilla asiingie basi, akae tu pale nje, yeye ajue kuna mtu.

“Nje nimeshakaa, mwanangu.”

“Basi ingia.”

“Nikiingia na wewe, na yeye sikuingia naye, nitamwambia nini?”

Silvana alimaliza kuchagua ulezi wa ungo uliokuwa mapajani, akaaga. Hakurudi tena barazani, na Bertilla hakumtumia mtu. Kliniki, Lucia alipomuuliza jina la mwenzake, alisema hana.

Uchungu ulimshika asubuhi ya Jumamosi, Christopha akiwa Mbeya na lori limekwama kwenye mizani. Safari hii alijua la kufanya. Alifunga kanga zake, akaita bodaboda aliyekuwa amekubaliana naye mapema, akamwomba aende polepole kwenye matuta. Alipopita mbele ya meza ya nyanya aliinua mkono tu. Kalista aliacha biashara kwa jirani yake, akaenda hadi nyuma ya kanisa. Alimkuta Bertilla anapima unga wa mteja.

Alimwambia kwamba yule msichana amekwenda, na amekwenda peke yake. Bertilla aliendelea kupima. Mteja alipoondoka, aliweka maji jikoni. Kalista anasema hakujua kama ni ya chai au ya uji mpaka alipoona ulezi, na hata hapo hakuthubutu kusema neno, asije akamharibia.

Bertilla alifika hospitalini na chupa ya uji kabla ya adhuhuri. Alikaa kwenye benchi lile lile. Alimweleza mlinzi kwamba hana mgonjwa, anapumzika tu. Watu wawili waliomfahamu walimsalimia, akawaitikia vizuri, akawauliza habari za watoto.

Lucia alitoka kumwaga maji, akamwona. Hakumwambia aingie. Alirudi ndani na kuuacha mlango wazi, jambo ambalo kwa kawaida hakubaliani nalo kwa sababu ya baridi.

Silvana aliita saa saba hivi. Hakuita jina la Bertilla, maana hakujua kama yupo. Aliita mama, yule aliyezikwa Kirando miaka kumi na minne iliyopita. Bertilla alisimama, akaketi. Silvana akaita tena.

Lucia alikuwa ameinama kando ya kitanda aliposikia mtu anaitika nyuma yake.

“Abee.”

Bertilla aliweka chupa juu ya kabati, akakunja mikono ya sweta, akaweka kiganja mahali pake, chini ya kiuno, pale palipokuwa panauma. Alifanya kila kitu alichokuwa akifanya miaka ile, isipokuwa hakutania. Kila Silvana alipoita, aliitika abee. Uchungu ulipokaribiana ikawa mwito na itikio bila nafasi katikati, na mkunga mwanafunzi aliyekuwa upande wa pili wa pazia alichungulia kuona kuna nini.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa kumi, msichana, akalia papo hapo. Damu ilikuwa ya kawaida. Lucia aliikagua mara mbili, kisha akakagua tena kwa ajili ya Bertilla, aliyekuwa ameikazia macho ile shuka. Walimweka mtoto kifuani kwa mama yake. Silvana alilia kidogo, akacheka, akanyamaza. Hakuwa na sababu ya kumwita mtu tena.

Bertilla alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ameelekea dirisha lile lililo juu ya benchi. Lucia anasema alikuwa bado anaitika. Abee, kimya kidogo, abee, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejibu anayeita kutoka chumba cha pili. Lucia hakumgusa wala hakumkatiza. Alimwacha, akaenda kuandaa maji ya chai.

Silvana, aliyekuwa amechoka na nusu yuko usingizini, alidhani anaongea na mtoto.