Maneno Yangu Mkutanoni

Mume wangu aliposimama kwenye mkutano wa kijiji pale Kikole, nilijua kwa namna alivyovua kofia kwamba hatasema maneno mawili akakaa.

Nilikuwa nimekaa mbele na wafanyakazi wenzangu wa zahanati, nimevaa sare ya uuguzi. Wageni kutoka wilayani walikuja kueleza habari za bima ya afya kwa wote, na mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, alitutaka sote tuwepo. Mimi naiunga mkono bima. Nimepokea akina mama wengi waliojikaza nyumbani mpaka hali ikawa mbaya, kwa kuogopa tu kuulizwa hela. Mume wangu analima ufuta, na kila msimu makato ya mnadani humrudisha nyumbani kanuna. Tulikuwa tunabishana sana, lakini ubishi ulikuwa wetu, wa jikoni.

"Mheshimiwa," alisema, "ufuta wetu mnaukata ushuru. Tukituma pesa kwa simu, mnakata. Leo tuchangie na bima. Sawa, nikichangia dawa nitazikuta? Mke wangu huyo hapo ni nesi. Ananiambia mwenyewe, glovu zinaisha, mjamzito anaagizwa akanunue dukani."

Watu wakapiga makofi. Nilihisi macho yote yako mgongoni kwangu. Mgeni mmoja aliinama akamnong'oneza mganga mfawidhi, naye akaitikia kwa kichwa bila kunigeukia.

Nyumbani sikuvua hata viatu.

"Umenichongea."

"Nimesema uongo?"

"Umesema ya kwangu! Wakinihamisha je? Mama yako na presha yake nani atamwangalia? Halafu wewe mwenyewe unatibiwa kwa kadi yangu ya bima ya kazini."

"Ndiyo maana nawasemea wasio na wake manesi."

Nikapita jikoni na viatu vyangu, nikabamiza mlango.

Siku zilizofuata kila simu iliyoita ilinishtua. Pikipiki ikisimama nje ya zahanati, nachungulia dirishani nione imemleta nani. Nilipokuwa nachanja watoto, mama mmoja aliniuliza, "Sista, unaumwa? Huyu umeshamchanja." Mganga mfawidhi alizungumza nami mambo ya kazi tu. Bora angenifokea.

Hatimaye akaniita ofisini. Yule mgeni wa wilayani aliyemnong'oneza mkutanoni alikuwa ameketi pembeni ya meza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia nifunge mlango.

"Aliyosema mumeo ni kweli?"

Ningeweza kusema ametia chumvi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Ni kweli," nikasema. "Lakini bima naitaka, mheshimiwa. Ndiyo maana nataka mtu akija na kadi yake asirudi mikono mitupu."

Alimtazama mganga mfawidhi, mganga akatazama meza. Kisha mgeni akashusha pumzi. "Kamati ya zahanati inahitaji mwakilishi wa wananchi. Mwambie mumeo agombee. Haya akayaseme humo."

Nilitoka. Sikujua kama nimesamehewa au nimetegwa.

Mume wangu naye hakufurahi. "Wanataka kunifunga mdomo," alisema. Mama mkwe, aliyekuwa akimenya kunde mlangoni, hakuinua hata uso. "Nenda, baba. Wakikufunga mdomo, si utatoka?"

Akaenda, wanakijiji wakampitisha. Glovu zilikuja, baadaye zikapungua tena, ila sasa anayefuatilia wilayani ni yeye. Kuhusu makato hajabadilika hata kidogo, wala mimi kuhusu bima. Kilichobadilika ni kwamba nikimsimulia ya kazini huniuliza kwanza, "Hili la kusema, au la ndani?" Mara nyingi namwambia la ndani.

Kamati hukaa chumba cha jirani na chumba cha sindano. Sauti ya mume wangu inapita ukutani. Ikipanda, naacha ninachofanya, nasubiri ishuke.