Picha ya Emil Makaburini

Hapa kwetu Nebraska, sisi wajukuu wa Wacheki hubandika picha ya marehemu kwenye jiwe la kaburi, picha ya kauri isiyofifishwa na jua wala theluji. Ni jambo zuri. Ukipita makaburini unaamkiana na watu. Sasa rafiki yangu Emil Vosika alizidisha. Mkewe Agnes alipofariki, Emil aliagiza jiwe la watu wawili, akachongesha na jina lake mwenyewe pamoja na mwaka wa kuzaliwa, akaacha nafasi ya mwaka wa pili. Halafu, kwa kuwa fundi alikuwa pale pale, akabandikisha na picha yake. Amevaa tai, anatabasamu. Mtu mzima wa afya, anayekula maandazi matatu ya jamu kwa kikao kimoja!

Mimi naitwa Rudi, na Emil namjua tangu tulipokuwa na meno ya utoto. Sipendi kujisifu, ila katika ile miaka minane tuliyosoma, mimi ndiye niliyemfundisha kugawanya. Maisha yake yote amekuwa mtu wa kutangulia. Alifanya kazi miaka arobaini kwenye ghala la nafaka, na hakuna siku mvua iliyomkuta hana turubai. Kuni za baridi ya mwaka huu alizipasua mwaka juzi. Koleo la theluji alinunua mwezi wa Julai, sisi wengine tukiwa tunatafuta kivuli.

Lakini Agnes alipoondoka, matayarisho yake yote yakageukia shimo lile moja. Suti ya kuzikiwa iko kabatini ndani ya mfuko, na vidonge vya kufukuza nondo mifukoni. Nyimbo za polka, dansi yetu ya Kicheki, za kupigwa siku hiyo ameziandika kwa mpangilio. Wabeba jeneza sita tumeshateuliwa, na mimi niko mbele kulia, nadhani ni kwa ajili ya mabega yangu. Wakati huohuo, alianza kuogopa kununua kitu chochote cha kudumu. Bustani alimwachia jirani. Haradali alinunua ya chupa ndogo kuliko zote. Benki walipompa kalenda ya bure, aliwaambia wampe mtu mwenye matumizi nayo.

Ndipo akaingia Libbie Hromadka. Huyu ni mjane wa Joe mhunzi, ana miaka sitini na tisa, na akicheka kwenye ukumbi wetu wa dansi farasi wa nje wanageuza masikio. Joe alipofariki, fundi wa mawe alimshauri naye aandike jina lake palepale, gharama iwe moja. Libbie akamjibu, "Mimi nisichongwe nikiwa bado nasikia njaa."

Miaka miwili Emil na Libbie walicheza polka kila Jumapili ukumbini, na mji mzima ulikuwa umeshawaoza. Mwezi wa Machi, Emil akajikaza. Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimeinama kwenye meza ya pili nafunga kamba za viatu, nikazifunga kwa uangalifu.

"Libbie," Emil akasema, "nyumba yangu haina ngazi, na wewe magoti yanakusumbua. Tuoane."

"Magoti yangu yamekulalamikia wewe?" Libbie akakata kipande cha keki yake. "Emil, kila nikienda kumwagilia Joe wangu maua, wewe uko mstari wa pili, unanichekea na tai yako. Nitaolewaje na mtu aliyekwisha kujiweka kaburini?"

Hakukataa. Hakukubali. Alimaliza keki akaenda zake.

Kesho yake Emil alikuja kwangu, uso umemshuka. "Rudi, nimekwisha."

"Umekwisha nini? Anataka picha itoke. Tuitoe!"

Ushauri wangu mimi hutoa bure, na safari hii ulikuwa na kasoro ndogo.

Tulikwenda saa nne asubuhi na bisibisi. Fremu ya ile picha ilishikwa na skrubu mbili. Ya kwanza ilitoka kama siagi. Ya pili ilikuwa na kutu, nikalazimika kulala kifudifudi kwenye majani ili niikamate vizuri. Hapo ndipo tukasikia sauti nyuma yetu.

"Wezi wa makaburi wamezeeka siku hizi."

Libbie, na ndoo yake mkononi.

"Natoa picha," Emil akasema. "Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema nini? Rudisha skrubu ya watu! Agnes ndiye aliyenishonea gauni langu la harusi. Leo nimwache pale peke yake? Wewe mahali pako ni hapo, na mimi mahali pangu ni pale kwa Joe. Hilo halinisumbui hata kidogo."

"Sasa kinachokusumbua ni nini?"

"Niambie, mwaka kesho wakati kama huu utakuwa unafanya nini?"

Emil akakuna shingo. "Kama nitakuwepo..."

"Ona! Ona huyu! Nikikuuliza mazishi yako utaniambia mpaka wimbo wa tatu. Nikikuuliza mwaka kesho, huna hata neno. Mimi sitaki kuhamia kwako tukae tumeshika mizigo magotini kama abiria. Nataka mume mwenye shughuli." Kisha akanigeukia. "Na wewe Rudi, inuka hapo kabla hawajakuhesabu na marehemu."

Nikainuka. Skrubu tukairudisha.

Jumapili mbili zikapita, Emil hakuonekana ukumbini. Libbie naye hakucheza na mtu. Alikaa na sahani yake, na mlango ulipofunguliwa aliangalia mlango. Mwisho akanisogelea, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu asivyovihitaji, "Huyo rafiki yako anaumwa?"

"Haniambii," nikasema, na kweli ilikuwa hivyo. Mara tatu nilikwenda kwake nikakuta mlango umefungwa. Niliogopa kwamba anaongeza wabeba jeneza.

Asubuhi moja mwishoni mwa Aprili, nikinywa kahawa dirishani, nikaona mtu bustanini kwa Libbie, ng'ambo ya barabara. Alikuwa Emil na sepetu. Amechimba mtaro mrefu, kina chake karibu magotini, jasho linamtoka. Nikavuka barabara kwa sababu ya ujirani mwema tu. Libbie naye akafungua dirisha la jikoni, mikono imejaa unga.

"Emil Vosika! Unamzika nani bustanini kwangu?"

"Asparagasi."

Kama hujawahi kuila, ni mboga ya vijiti vya kijani inayochipuka yenyewe kila theluji ikiyeyuka. Lakini haina haraka, na Libbie alilijua hilo.

"Hiyo hutaila mwaka huu."

"Najua."

"Wala mwaka kesho. Ukiikata mapema inakufa."

"Mwaka wa tatu unaonja," Emil akasema. "Wa nne ndiyo unakula barabara. Ikishakubali ardhi inakwenda miaka ishirini. Nimeleta mizizi ishirini na mitano."

"Una miaka sabini na minne wewe!"

"Umri wangu naujua. Umechongwa."

Nikameza kicheko. Libbie hakucheka.

"Na mwaka kesho?" akauliza.

"Mwaka kesho napalilia. Kabla ya theluji naweka samadi, nimeshapatana na mwenye ng'ombe. Mwaka wa tatu itatakiwa siagi ya kuipikia, na hiyo ni juu yako."

Dirisha likafungwa.

Emil akaniangalia, sepetu mkononi. Nikaanza kupanga maneno ya kumpoza, na kwa maneno ya kupoza wilaya hii sina mpinzani, lakini mlango wa nyuma ukafunguka kabla sijalitoa hata la kwanza. Libbie akatoka na mabuti ya marehemu Joe miguuni. Akasimama mwanzo wa mtaro, akafumba jicho moja.

"Umepinda."

"Wapi?"

"Kuanzia pale kwenye nguzo. Sogea." Akapiga magoti, yale yale yanayomsumbua, akachukua mzizi wa kwanza akautandaza chini kama buibui. "Rudi, umekuja kuegemea ua? Leta maji."

Nikaenda bombani. Niliporudi na ndoo, walikuwa wamefika mzizi wa sita, bega kwa bega.

"Jumamosi ya pili ya Juni ukumbi una nafasi," Libbie alikuwa anasema. "Niliuliza."

Emil akaacha kufukia. "Uliuliza lini?"

"Machi," Libbie akasema, bila kuinua kichwa. "Haya, nipe mwingine."