Moyo wa Sada, Mshipa wa Haidar

Sada wa Zinga alikwisha kuchoka kuchungwa. Miaka zaidi ya kumi tangu apasuliwe kifua, na bado kila harusi hakosekani mtu wa kumnyang'anya sahani. Siku ile alikuwa mama yake mzazi, Bi Arafa.

"Kisamvu hicho, Sada! Unataka kutuua?"

"Mama, daktari hakunikataza majani. Alisema nisile sufuria nzima leo, kesho nisionje kabisa. Nile kiasi kilekile siku zote, dawa isiyumbe."

"Daktari hakulala na wewe wodini. Mimi nililala."

Sahani ikaondoka. Wanawake wote jamvini wakamtazama Sada kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi kuliko njaa.

Alikuwa fundi cherehani, mrefu wa kuinama kila mlangoni, vidole vyembamba kama vya marehemu baba yake. Kabla hajatimiza miaka thelathini alianza kuishiwa pumzi akienda kisimani tu. Dar es Salaam walimpima wakamwambia mshipa mkuu wa damu, pale unapotokea moyoni, umetanuka, na vali yake, ule mlango unaozuia damu isirudi nyuma, haifungi. Walikata kipande kile pamoja na vali, wakaweka bomba la kitambaa maalumu lenye vali ya kutengenezwa ndani yake, kisha wakaipachika upya mishipa midogo inayoulisha moyo. Sada alipopata nafuu, jambo la kwanza alilomuuliza daktari ni uzi gani wameshonea.

Tangu hapo humeza dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo majani mengi huipunguza nguvu, na kila mwezi huenda Bagamoyo mjini kupimwa damu. Basi. Anashona, analima mihogo, anachota maji. Lakini Bi Arafa huficha mikasi asije akajikata, na wateja husubiri barazani huku fundi akipekua uvunguni kutafuta mkasi wake mwenyewe.

Angeyavumilia yote hayo kama si Haidar, mdogo wake. Haidar alikuwa na urefu uleule, vidole vilevile. Alifanya kazi Lugoba, kupakia mawe ya kokoto kwenye malori. Daktari alisema wazi kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo, ndugu wote wapimwe. Hata baba yao alikuwa ameshika kifua ghafla shambani Fukayosi, akafa kabla ya kufikishwa nyumbani. Watu wakasema husuda. Kila Sada alipomkumbusha kupima, Haidar alicheka. "Dada, mgonjwa ni wewe. Usinigawie."

Na siku hiyo ya harusi, sahani ikiwa ndiyo kwanza imeondolewa, Haidar akaingia uani na gunia la mchele begani. Bi Arafa akapiga kigelegele. "Simba wangu huyo!"

Sada akasimama.

"Mama, mimi nimeshatengenezwa, unaninyima mboga. Huyu hajapimwa hata siku moja, unampigia vigelegele!"

"Usimtie mkosi mwenzio. Mwanamume mzima huyo."

"Baba hakuwa mzima?"

Haidar akatua gunia, uso umemwiva. "Unaharibu harusi ya watu, dada."

"Na iharibike. Sikilizeni. Mimi siendi tena kupima damu mpaka Haidar apimwe moyo. Dawa nayo siigusi."

Hakukusudia hilo la dawa. Lilimtoka kwa hasira. Lakini lilimfika Bi Arafa kuliko maelezo yote ya daktari. Alimshika Haidar mkono wa kanzu na hakumwachia mpaka alipokubali. Wiki iliyofuata alimpeleka Dar mwenyewe, kijana wa watu kanuna njia nzima.

Mshipa wake ulikuwa umetanuka. Haukuwa umefika pabaya, ila mawe basi. Alipewa vidonge na tarehe za kurudi, na kule machimboni wakamhamishia getini. Alikaa miezi hasemi na dada yake, kana kwamba Sada ndiye aliyeutanua.

Mwaka wa pili, mshipa ulipozidi kupanuka, walimpasua mapema, kabla haujachanika. Kwa kuwa vali yake ilikuwa bado nzima, madaktari walibadilisha mshipa tu, wakaiacha vali ileile aliyozaliwa nayo. Sada alipokwenda kumtazama, alilia mlangoni, akafuta machozi, akaingia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Salama. Wamesema dawa yako ile ya damu siihitaji." Haidar akajiweka sawa kwenye mto, akitabasamu. "Mimi vali yangu ya asili, dada. Nitakula kisamvu mpaka nichoke."

Sada alimtazama, akatamani kumkumbatia na kumzaba kibao kwa mkono uleule. Akamvutia shuka, akamwambia anyamaze, apumzike.