Mzinga wa Shella na Eda ya Mama

Asubuhi ile mtaa wa Shella ulikuwa kama siku zote. Shangazi alikuwa uani akikuna nazi, nami nikipepeta mchele. Mama alikuwa chumbani, amevaa nyeupe, akisuka ukili. Baba alikuwa amekufa kwa homa, na mama alikuwa akikaa eda: hatoki nje, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Zilibaki siku chache tu aoge, ajifukize udi na kuvaa leso mpya aliyokwisha kununuliwa na shangazi.

Mzinga Waingereza waliuleta kabla ya hapo, wakati wa vita, eti umzuie Mtaliano asije na manowari. Katika pwani yote hii hawakuona pa kuuweka ila jabalini, nyuma ya nyumba yetu kuukuu ya mawe. Askari waliupangusa mchana kutwa kama bibi harusi. Ofisa wao, Mwingereza mwenye masharubu mekundu, aliuzunguka kwa maringo, ungedhani yeye ndiye aliyeizaa bahari. Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku hiyo wakataka kuujaribu. Mkalimani akapita akiamrisha watu watoke majumbani, maana kishindo kingeweza kuangusha kuta. Majirani wakatoka. Mama akasimama nyuma ya mlango.

"Mwambie bwanako n'tatoka," alisema. "Lakini mimi ni mke wa eda. Askari nawageuze nyuso tu, nipite hadi kwa jamaa zangu kule nyuma ya msikiti."

Mkalimani akaenda kwa ofisa, akarudi akitazama chini.

"Bwana asema askari wa Mfalme hawampi mtu mgongo."

"Basi mimi sipiti mbele ya macho yao. Wifi, mchukue mwanangu."

Shangazi akanivuta mkono hadi nje. Ofisa akatazama saa yake.

Mzinga ukalia.

Dari ikashuka.

Tulimfukua mama chini ya boriti, ukili bado mkononi. Kombora lenyewe lilianguka baharini likaua samaki. Ofisa alivua kofia, akasema pole, akarudi kuukagua mzinga wake kama haukupata ufa. Nilimdharau siku ile, na mpaka leo namdharau.

Sasa nimepita miaka tisini. Mzinga umeota kutu, na Wataliano wa mahotelini huanika taulo zao juu yake wakitoka kuogelea. Kijana mmoja anayewatembeza huwaambia kwamba ulilinda pwani. Juzi alinijia barazani.

"Shikamoo, nyanya. Hebu waelezee wageni mzinga ulivyotulinda."

"Marahaba, mwanangu. Ulipigwa mara moja tu, ukamuua mamangu ndani ya nyumba yake."

Kijana akauliza, kwa sauti ndogo, adui alipokuja ilikuwaje.

Nikamwambia. Adui alikuja kwa ndege, na mzinga ule wa kupigia manowari haukuweza hata kuinua shingo. Mabomu yalipoanza kuanguka, askari waliuacha wakakimbilia vichakani. Masharubu mekundu alitangulia, kofia imemvuka, wala hakuirudia.

Hivyo hatimaye walitupa migongo, wote, mchana kweupe. Mimi na shangazi tuliiona. Aliyeiomba tulikuwa tumekwisha kumzika, na leso yake ya kutokea eda ingali sandukuni mwangu, haijakunjuliwa.