Taa ya Stoo

Niliporudi Kasulu baada ya kuhangaika kutoka Kibondo hadi pwani, nilipata kazi ya kukaa na mtambo wa kengele za moto kwenye hosteli ya chuo. Sharti lilikuwa moja: king'ora kikilia, nakizima, naenda kuona kwa macho yangu, kisha narudi kuuweka mtambo sawa.

Msimu wa mvua, taa ya stoo kwenye mtambo iliwaka karibu kila mchana, king'ora kikalia. Nilimkuta mama mfagizi, mzaliwa wa Burundi, akichoma mahindi kwenye jiko la mkaa.

"Mama, umekiamsha king'ora tena!"

"Huo mtambo wako una pua kali kuliko mbwa. Kaa ule, mwanangu."

Nilikaa. Wanafunzi wakiwa darasani, sikuwa na mwingine wa kuongea naye. Kwenye daftari la kengele sikutaja jiko; niliandika "majaribio".

Meneja wa hosteli akaanza kushuku. Akasema akimjua anayewasha moto ndani, atamfukuza siku hiyo hiyo. Nikamwomba mama ahamishie jiko kwenye kibanda cha nyuma, ambako mtambo haunusi moshi. Alikubali, akanikaribisha huko. Lakini mimi siruhusiwi kuuacha mtambo kama king'ora hakijalia.

Hakijalia tena. Mama bado ana kazi yake. Mimi nakula mahindi ya kununua, peke yangu, mbele ya taa ya kijani.